Jiaogulan Katika Udongo wa Kaya

Jumapili, 27 Aprili

Vidonge vya Bibi vya asubuhi: nimempa, amemeza, nimeweka alama kwenye karatasi ya ukutani. Kazi hii ni yangu tangu nikiwa darasa la saba, kwa sababu mimi ndiye nisomaye yale maandishi madogo. Sukari imeyatia macho ya Bibi ukungu. Anaona mwanga, anaona kuwa huyu ni mtu, lakini nani hajui mpaka umsalimie.

Mbegu bado zimo kwenye kikombe cha maji. Zikae humo siku nzima, ndivyo pakiti isemavyo. Nimezihesabu, thelathini na mbili. Ni ndogo na nyeusi, zina mikunjo kama pilipili manga.

Mama mdogo Halima ndiye aliyezileta jana. Kazi yake ni kukanda wageni katika hoteli moja huko Diani, na mgeni mmoja wa Kichina, mama wa makamo mwenye mgongo mbovu, alimpa pakiti hiyo siku ya kuondoka. Mmea unaitwa jiaogulan. Hutambaa. Majani yake hukaushwa, yakanywewa kama chai. Mgeni alieleza kuwa kwao huuita mmea wa kutokufa, na kwamba huusaidia mwili kustahimili mambo: uchovu, mawazo, uzee. Mama mdogo akamaliza kwa kusema, na sukari pia. Sina hakika kama hilo lilitoka kwa mgeni. Kwenye pakiti halimo.

Bibi hakusikia jingine ila hilo.

Pakiti inataka udongo mweusi, laini, wenye majani yaliyooza. Kwetu ni mchanga mtupu. Hata mchicha wetu huota kwa huruma ya Mungu.

Jumanne, 29 Aprili

Shule ilifunguliwa jana. Nimemuuliza Mwalimu Mutua wa biolojia kuhusu udongo. Ilinichukua kipindi kizima kupata ujasiri wa kuinua mkono, na mwishowe sikuinua, nikamfuata mlangoni. Akasema nitafute penye miti mikubwa ya zamani, pale majani yanapoozea chini miaka nenda miaka rudi.

Hapa karibu pako mahali pamoja tu pa namna hiyo. Siendi.

Mbegu nimezifunga kwenye kitambaa chenye maji.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda.

Nimechota udongo wa kaya. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia.

Kaya ni msitu wa wazee wetu, mwendo wa dakika arobaini kutoka nyumbani. Humo hakitolewi kitu. Si kuni, si tunda, si jani lililokwisha anguka. Kijiti kikinasa kwenye nguo yako, unakitoa kabla hujatoka. Niliyajua haya kabla ya kujua kusoma. Na Mjomba Bakari, kaka yake Mama, ni mmoja wa wazee wanaoutunza, mdogo kuliko wote.

Shule hutuachia mapema Ijumaa. Wanaume wote walikuwa msikitini. Nilijiambia udongo si mti. Nilijiambia sikuingia ndani, nilichota ukingoni tu, kando ya gogo lililolala. Nilijiambia ni kwa ajili ya Bibi. Mwenye haki hahitaji sababu tatu.

Ndoo moja. Niliifunika kwa mchicha. Mama akauliza nimeutoa wapi udongo mzuri hivi, nikasema bustani ya shule. Ulimi haukutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha.

Nimepanda mbegu zote katika makopo matatu ya mafuta ya kupikia, nyuma ya nyumba, ubavuni mwa bafu, mahali jua halifiki.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna kitu. Mvua kila siku. Nanyunyiza hata hivyo, kwa sababu pale ukutani mvua haipigi.

Bibi huniuliza kila asubuhi nikimpa vidonge.

"Wachina wako wameamka?"

"Bado, Bibi."

"Waache. Wamechoka na safari, kwao ni mbali."

Anacheka peke yake. Vidonge anameza kwa uso wa mtu aliyelambishwa shubiri. Anasema vyamvuruga tumbo.

Jumatano, 21 Mei

Zimeota. Saba.

Nilikuwa nimeshavaa sare. Nikamshika Bibi mkono nikampeleka mpaka bafuni, nikakiweka kidole chake juu ya mche mmoja. Alisema bismillahi kabla ya kugusa. Mche ulikuwa mdogo kuliko ukucha wake. Akasema, "Mke mwenzangu, umeniletea dawa mpaka mlangoni."

Mke mwenza ndilo jina langu kwake. Anasema niliolewa na marehemu Babu siku niliyozaliwa, bila idhini yake.

Nilichelewa shule. Sikujali.

Alhamisi, 5 Juni

Inakua kwa kasi nisiyoitarajia. Nimeifungia kamba kwenye ukuta wa bafu nayo imezishika zote. Kila jani lina vijani vitano, kama kiganja kilichokunjuliwa. Pakiti inasema vitano, pengine vitatu, pengine saba. Vyangu ni vitano.

Bibi ameshawatangazia majirani. Wanakuja alasiri baada ya sala, wawili wawili, wanasimama mbele ya bafu letu kama wamekuja kumwona mtoto mchanga. Mmoja alisema nina mkono wa baraka. Nilijificha jikoni nikijifanya nakuna nazi.

Mwalimu Mutua naye anataka niuonyeshe mmea huu kwenye maonyesho ya sayansi mwisho wa muhula. Nitasimama mbele ya watu na kueleza. Nimesema ndiyo kwa sababu nilishindwa kusema hapana.

Jumapili, 8 Juni

Idi imepita. Bibi alikuwa ameweka nadhiri kwamba chai ya kwanza atainywa baada ya Idi, na leo ameinywa. Mama mdogo alikuja kutoka Diani na kuichemsha mwenyewe, majani sita.

Pakiti inasema chai ina utamu wa mbali. Hii ni kali, na kooni inawasha kidogo. Mama mdogo alisema ni tofauti ya maji. Mama akasema labda Wachina hutia sukari. Bibi akawaambia wote wawili kimya. "Dawa tamu ni ya watoto."

Akamaliza kikombe. Akaomba cha pili.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimefua leso za Bibi. Katika pindo la moja palikuwa na fundo gumu. Nikalifungua. Vidonge kumi na vinne. Vingine vilikuwa vimeshayeyuka, unga mweupe kwenye kitambaa.

Kumbe huviweka chini ya ulimi, mimi nikigeuka kuandika alama, anavitoa.

Nilimpelekea kiganjani. Alivipapasa, akajua. Hakuona haya. Akanivuta nikaketi karibu naye mkekani.

"Hivi vyaniua tumbo, mjukuu wangu. Hii dawa yako hainidhuru. Nalala vizuri. Nisitiri."

"Bibi, daktari alisema..."

"Daktari ni wa watu wote. Wewe ni wangu mimi. Nisitiri, mke mwenzangu. Mama yako asijue."

Sikusema ndiyo. Sikusema la. Jioni nilimpa vidonge mkononi, akavifunga kwenye leso mbele ya macho yangu, nami nikaenda ukutani nikaweka alama.

Alama ya kwanza ya uongo ninayoijua. Sijui za nyuma ni ngapi.

Jumatano, 18 Juni

Mwalimu Mutua amenipa kioo cha kukuzia na ukurasa aliouchapa wenye maelezo ya jiaogulan, ili nichore kwa ajili ya maonyesho. Nimechora tangu saa kumi mpaka magharibi.

Kitu hakiko sawa. Mimea inayopanda ina vikono, zile nyuzi zinazojizungusha na kushika. Ukurasa unasema kikono cha jiaogulan hutoka ubavuni mwa jani, pale pale jani linapoanzia, kama kwenye boga, kwa sababu jiaogulan ni ya ukoo wa maboga. Changu kinatoka upande wa pili wa shina, kinalikabili jani. Nimetazama vifundo kumi. Mara kumi kimelikabili jani.

Nimemwonyesha Mwalimu mchoro. Akasema labda nimekosea kuchora.

Sikukosea.

Alhamisi, 19 Juni

Nimelimwaga kopo moja kwenye chekecheke ya Mama. Katika kopo hilo nilipanda mbegu kumi na moja, ikaota miche miwili. Nimezikuta mbegu tisa. Nilipozibonyeza zilitoa maji meusi yenye harufu. Zimeoza, hazijawahi kupasuka.

Zilizopotea ni mbili. Miche ni miwili. Kwa hiyo bado inawezekana. Nimeyaandika haya mara tatu kwenye karatasi nyingine ili niyaamini.

Ijumaa, 20 Juni

Nimerudi kaya, saa ile ile ya wanaume kuwa msikitini. Sikugusa kitu. Nilisimama njiani.

Juu ya lile gogo, hatua moja kutoka shimo langu, ule mmea umetanda. Vijani vitano. Vikono vinalikabili jani. Una vitunda vidogo vyeusi vinavyodondoka chini, mahali pale pale nilipochota. Umekuwepo hapo pengine kabla Bibi hajazaliwa. Nililifunika gogo hilo kwa kivuli changu siku ile na sikutazama juu, kwa sababu nilikuwa natazama kama kuna mtu.

Mbegu za Kichina zilioza zote. Kilichoota ni cha udongo.

Kwa hiyo Bibi ameacha vidonge vyake, na anakunywa gugu la msituni lisilojulikana lina nini, lililotolewa mahali pasipotolewa kitu. Na mimi ndiye niliyelitoa.

Jumapili, 22 Juni

Nimejaribu. Nilimwambia Bibi huu mmea sio ule.

"Mbegu hukuzipanda wewe?"

"Nilizipanda."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, Bibi."

"Na humo kwenye udongo wa shule mlikuwa na mbegu nyingine?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema si udongo wa shule. Maneno manne tu. Nikasema sijui.

"Basi vitabu vimekuchosha. Nenda kalale."

Mlango ukafungwa, nami nimo ndani.

Jumatano, 25 Juni

Mjomba Bakari alikuja alasiri. Niliposema shikamoo aliitikia bila kunitazama, akaketi barazani na Mama. Nilikuwa nachambua mchele, karibu.

Wazee wameona shimo. Pamechotwa udongo. Mjomba alisema aliyechukua ni lazima aseme kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo arudishe. Akitajwa na mtu, au akikamatwa, kurudisha kwake ni bure. Hakuna anayeweza kumsemea. Kisha akasema wameulizana nyumba kwa nyumba, na yeye amekula kiapo mbele ya wenzake kwa niaba ya nyumba yetu.

"Nimewaambia, kwa dada yangu msiulize."

Mama alisema, "Ndiyo. Huku nani atafanya upuuzi huo?"

Mchele ulikuwa umeisha kuchambuka. Niliendelea kuchambua.

Kisha Mjomba akasema anataka kuiona hiyo dawa ya Kichina inayosemwa mpaka sokoni. Nikamwongoza. Alisimama mbele ya ukuta wa bafu, mgongo kwangu. Alichuma jani moja, akaligeuza, akalinusa. Akakifuata kikono kimoja kwa kidole mpaka kwenye shina.

"Ina afya," akasema.

Akanawa mikono kwenye ndoo, akaaga. Sikula chakula cha usiku.

Jumapili, 29 Juni

Bibi anakunywa maji kupita kiasi. Majagi mawili kabla ya adhuhuri. Anakwenda chooni kila mara na anasema ndiyo dawa inavyomsafisha.

Wiki iliyopita alijigonga kidole cha mguu kwenye jiwe la bafu. Alikuwa amekwenda kupapasa majani yake. Kidonda hakifungi. Kimekuwa na ukingo mweupe.

Nimemwambia Mama kuhusu kidonda. Mama alikipaka asali. Huanza kukaanga mahamri alfajiri na hulala amechoka, na Baba yuko Samburu kwenye karakana ya malori, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Nilitaka kumwambia na lile jingine. Nilifungua kinywa. Akaniuliza, "Vidonge anakunywa vizuri lakini?" Nikasema anakunywa.

Kila uongo unazaa ndugu.

Jumanne, 1 Julai

Nimeviponda vidonge nikavitia kwenye uji wa Bibi. Alionja kijiko kimoja, akakirudisha bakulini polepole.

"Uji wa nani huu wenye chokaa?"

Niligeuka nikaifunika sufuria.

"Unanitilia, Mwanatumu? Mimi mtoto?"

Aliniita jina langu. Uji aliwapa kuku. Leo hakuzungumza nami tena. Majani alimwomba Mama amchemshie.

Ijumaa, 4 Julai

Bibi alianguka mlangoni akitoka kutawadha. Hakupoteza fahamu, ila maneno yalikuwa hayana mpangilio na pumzi ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva mno. Tuktuk mpaka hospitali ya Msambweni, kichwa chake mapajani mwangu.

Muuguzi alipima, akamwita daktari. Daktari akauliza, mgonjwa anameza dawa zake?

Bibi, macho yamefumba, akasema, "Nameza."

Mama akanielekeza kidole. "Huyu ndiye mwenye dawa zake. Muulize."

Wote walinitazama.

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 5 Julai

Wamemtundikia maji. Daktari amemwambia Mama kwamba ikiwa vidonge amevimeza siku zote na sukari imefika huku, basi vidonge vimeshindwa, itabidi wafikirie matibabu mengine yenye nguvu zaidi akitoka hapa. Na mguu wanautazama.

Mama hakutaka ionekane kuwa hatukumtunza. Alikuwa ameibandua ile karatasi ukutani akaja nayo. Akaikunjua mbele ya daktari. Miezi minne ya alama, mistari yangu iliyonyooka kwa rula.

"Huyu hakosi hata siku moja, daktari."

Daktari aliitazama yote, mpaka chini. Akaniambia, "Umefanya kazi nzuri sana. Wangekuwa wengi kama wewe."

Nilikwenda nje nikaketi nyuma ya tangi la maji.

Anapanga dawa ya Bibi kwa karatasi yangu. Nikinyamaza kesho, atapewa dawa ya mtu mwingine, wa kwenye karatasi, asiye Bibi. Nikisema, Mjomba atakuwa ameapa uongo mbele ya wazee, Bibi atajua nimeivunja sitara yake, na Mama, sijui Mama. Nimekaa na haya mawili tangu saa nane. Hayana mlango wa tatu.

Jumapili, 6 Julai

Nimesema.

Niliandika kwanza, kwa sababu najijua. Saa ya kuwatazama wagonjwa walikuwepo Mama na Mjomba, na muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji. Nikasimama miguuni mwa kitanda na karatasi yangu. Nilianza na vidonge, ili nikishindwa njiani angalau hilo liwe limetoka. Hajameza. Tangu Idi, pengine kabla. Alama ni za uongo, nilijua. Muuguzi aliacha bandeji, akatoka kumwita daktari, hakusubiri mengine.

Kisha mmea. Kisha udongo. Sauti ilikuwa imeisha, nikamaliza kwa kunong'ona. Udongo si wa shule. Niliuchota kaya, kando ya gogo, Ijumaa, ndoo moja.

Mama hakunipiga. Aliketi chini, sakafuni pa wodi, na leso yake nzuri.

Mjomba ndiye aliyesema wa kwanza. "Alhamdulillahi. Umesema mwenyewe."

Mama aliinua kichwa. "Ulijua?"

"Niliujua ule mmea nilipouona. Nikawa nangoja aseme. Ningemsemea, isingefaa kitu."

"Ukamwacha mama yetu anakunywa?"

"Halima aliniambia anaunywa kama chai tu. Nilijua udongo. Vidonge sikuvijua."

"Ulijua udongo," Mama akasema. "Siku kumi na moja."

Mjomba alikunja kofia yake mkononi, akaikunjua. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa mahali nilipokuwa mimi.

Bibi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nilimwita. Hakugeuka.

Daktari alikuja, akaniuliza maswali mengi, na kila nililolijibu aliliandika. Alitaka jani. Mjomba alikwenda nyumbani kulileta. Ile karatasi ya ukutani daktari aliikunja mara mbili akamrudishia Mama.

Jumatano, 9 Julai

Wamemkata kidole. Kile kidogo, mguu wa kulia. Daktari alisema sukari ikikaa juu wiki nyingi, damu haiendi vizuri, na kidonda kinakuwa na nguvu kuliko mtu. Jani lile hakulitambua. Vidonge vinamfaa, tatizo ni kuvimeza. Amempa vya aina isiyovuruga tumbo sana, na sindano kwa muda. Kumbe vilikuwepo. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu tumbo. Tulikuwa na tabibu mzuri na sote tukamdanganya.

Kidole kile ni juu yangu. Hakuna aliyesema hivyo. Nasema mimi.

Jumapili, 13 Julai

Nimeurudisha udongo.

Jana nilizichomoa kamba zote na mizizi yote, nikamwaga makopo, nikazoa mpaka chembe zilizokuwa zimedondoka sementini kwa ufagio. Ndoo moja, kama ilivyokuwa. Mbegu za Kichina zilizooza zilikuwa humo humo, sikujua kama nizitoe. Mjomba alisema nizitoe. Si za pale. Nilichagua kwa vidole mpaka giza likaingia.

Leo tulikwenda peku, nimejifunga kaniki, ndoo kichwani. Mjomba alinunua kuku mweusi wa kafara. Wazee wanne walikuwa wameketi njiani. Nilitakiwa kusema tena yote kwa kinywa changu, bila karatasi. Nilisema. Nilipomaliza Mjomba alivua kofia akasema, "Nami niliapa, kisha nikajua, kisha nikanyamaza." Hakuna aliyemlazimisha.

Mmoja wa wazee, ambaye hasikii vizuri, aliuliza mwenzake kwa sauti, "Alipanda nini humo?"

"Dawa ya Kichina."

"Ikaota?"

"Haikuota."

"Ah," akasema, akaendelea kutafuna tambuu.

Mjomba hatakaa nao kwa mwaka mmoja. Ndivyo walivyoamua. Njiani kurudi nilimwomba radhi. Alisema, "Radhi nimeshatoa. Tembea, jua kali."

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia Mwalimu Mutua kuwa hakuna jiaogulan. Nilitaka anifute kwenye maonyesho. Alitazama mchoro wangu wa vikono tena, akasema, "Basi mimi ndiye niliyekosea." Hakunifuta. Anataka nionyeshe mbegu zilizooza na nieleze jinsi ya kutambua mmea usio wenyewe. Nilimwambia sitaki. Mara ya kwanza kumwambia mwalimu sitaki. Akasema sawa.

Alhamisi, 17 Julai

Bibi amerudi nyumbani. Majirani wamejaa. Nimekaa jikoni.

Vidonge sasa Mama ndiye anayempa. Hakuna karatasi. Mama husimama mpaka Bibi afungue kinywa aonyeshe ulimi, kama mtoto wa chekechea. Nawasikia kupitia ukuta. "Haya, kingine." Kimya. "Fungua." Kimya.

Nilipompa mkono kumsalimia alisema marahaba, Mwanatumu. Hivyo ndivyo anavyowaambia watoto wa jirani.

Jumatatu, 21 Julai

Nilipeleka chai chumbani kwake, nikaiweka karibu na mkono wake, nikamwambia ilipo. Akasema, "Nimesikia."

Nilisimama kidogo. Akasema, "Nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo, Bibi."

"Kimoja tu."

Nikatoka. Nimefikiri siku nzima ningemjibu nini. Ningemwambia ningefanya vile vile tena, ila mapema zaidi. Hiyo ndiyo kweli, na si neno la kumwambia mtu aliyelala na mguu uliofungwa.

Jumapili, 27 Julai

Hakuna mvua leo. Mama amekwenda Ukunda, anakokaa Mama mdogo.

Muuguzi wa kituo cha afya alipita asubuhi, akafungua bandeji, akasema pamekauka vizuri. Alisema kucha za miguu zikatwe, zisije zikakwaruza, na zikatwe na mtu anayeona, kwa mstari ulionyooka, zisikatwe pembeni. Akaenda zake.

Nilikuwa nafagia uani. Bibi aliita kutoka barazani. Hakuita jina. Alisema tu, "We."

Nikaenda. Alikuwa ameketi mkekani, amenyoosha miguu, leso ameipandisha kidogo. Mkononi alikuwa na kikata kucha. Alikinyoosha mahali alipodhani nipo, nami nikasogea mpaka nikawa pale.

Nilinawa mikono kwanza. Nikaanza na mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Nilikwenda polepole. Kucha zake ni ngumu kama kifuu, na nilikuwa naogopa ngozi. Nilipofika penye kovu nilisita, akangoja.

Nilikata kucha tisa. Nikaziokota zote kwenye kiganja.

Bibi hakuuondoa mguu.